Katambuga za Afande

Jina lake silitaji humu. Kwa miaka mingi kaka yangu alitukataza kulitaja, na sasa lipo mahali pengine, nitafika huko. Pale Heru Juu sote tulimwita Afande: watoto wa shule, padri, hata mke wake akiwa amenuna. Alizaliwa wapi na nani, hayo waulizeni ndugu zake. Mimi nawaeleza mtu niliyemjua, jirani wa mama yangu, askari mpelelezi, aliyekula ugali wa muhogo nyumbani kwetu mara nyingi kuliko hata shemeji zangu. Kaka yangu Elia yuko gerezani, amehukumiwa kunyongwa kwa kosa la kuua. Afande huyu akisimama mbele ya majaji wa rufaa akasema neno moja la kweli, Elia anaweza kurudi nyumbani. Basi nikiongea kwa ukali mnivumilie. Nina hasira, sikatai.

Nianze na miguu yake, maana kila kitu kilianzia huko.

Afande alikuwa na miguu mibovu. Kidole gumba cha kulia kilimvimba kila alipokula nyama au maharage mengi, na sisi Waha mtu akituambia tuache maharage tunamwona amechanganyikiwa. Buti za kazi zilimtesa. Akirudi kutoka kituoni alikuwa hafiki kwake, anakaa kwenye kigoda barazani kwetu, anazivua, ananyoosha vidole anaguna, "Mama yangu wee!" Mama alikuwa anamcheka waziwazi.

"Afande mzima unalia kwa ajili ya kiatu?"

"Dada, hiki si kiatu. Hii ni adhabu, na kosa lenyewe sijaambiwa."

Elia ndiye aliyemwonea huruma. Siku moja ya soko tulikuwa wote wawili, mimi na Elia, tukamkuta Mrundi mmoja aliyekuwa anakata katambuga. Alikuwa amepata tairi la lori kubwa, yale malori yaliyokuwa yanapeleka chakula kambini kwa wakimbizi. Meno ya tairi lile hatukuwahi kuyaona: mapana, yamechongoka kwa mbele, yamepangana kama mishale inayofukuzana. Elia akayapenda. Akavishwa pale pale, mguu ukipimwa juu ya mpira kwa chaki, kisha akamwambia Mrundi, "Kata na nyingine, tairi hilihili, ya mzee mwenye mguu kama wangu ila kidole kimevimba, uache nafasi." Mrundi akacheka, akakata. Nilizibeba mimi kwenye kanga.

Afande alipozivaa alitembea uani kwetu kwenda na kurudi akisema, "Eeeh! Kumbe binadamu nami nina miguu!" Tangu hapo akitoka kazini buti zinaingia mkobani. Mvua ikinyesha, njia yetu yote ilikuwa mishale mitupu, na utani wa nyumbani ukawa huo: mama anatoka asubuhi, anatazama tope, anauliza, "Hapa kapita mwanangu au kapita serikali?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Hata Afande mwenyewe, fundi wa nyayo, aliinama akatazama, akacheka, akasema amefungwa goli.

Nimesema fundi wa nyayo, na sikosei. Mbuzi wetu alipoibwa, Afande alikuja, akazunguka zizi akiwa ameshika mikono nyuma, akasema mwizi ni mrefu, anachechemea, na amembeba mbuzi begani mpaka kwenye migomba, halafu akachoka akamshusha. Tukafuata mpaka kwa jirani ambaye sitamtaja naye, na mbuzi akatokea uvunguni mwa kitanda. Afande hakumfunga. Alimwambia amrudishe, kisha alime shamba la mama mpaka jioni, na alisimama pale kumtazama akilima huku anatafuna muwa. Mama alimwona malaika.

Watoto wetu aliwafundisha bure. Anamwaga majivu uani, anawaambia mmoja apite, wengine wageuke, kisha wanataja ni nani. Mtoto akisema, "Ni Neema, kwa sababu alikuwa anataka kwenda jikoni," Afande anamkata: "Eleza ulichoona. Usinieleze ulichofikiria." Hilo alilisema kila siku. Neema, binti yangu, sasa ni mkubwa, ana mume, na bado analisema.

Na watu wanaokanyaga mahali pa tukio aliwachukia kuliko wezi. Sadaka ilipoibwa kanisani, alimkuta padri anataka kuvuka kizingiti, akapiga kelele, "Simama hapohapo!" Padri wa watu akasimama kwa mguu mmoja, kanzu ameikunja, mpaka Afande alipomaliza kutazama sakafu. Hadithi hiyo ilizunguka mpaka Kabanga. Afande mwenyewe alikuwa anaisimulia kwa majivuno: "Hata askofu angesimama kwa mguu mmoja. Mimi kwenye nyayo sina mkubwa." Ikumbukeni hiyo.

Alikuwa mtu wa ajabu kidogo, mkiniuliza. Kuku wa rushwa hakupokea. Nilimwona akimrudisha kuku akiwa amefungwa miguu, na anamwomba msamaha mwenye kuku. Muwa alipokea. Aliimba besi kwaya, na kwenye mazoezi akikosea anamgeukia mwenzake kumtazama vibaya, kana kwamba aliyekosea ni yule. Waongo alikuwa hawataki, lakini yeye mwenyewe alimdanganya mkewe kila wiki. Mkewe alikuwa amemkataza nyama kwa sababu ya kidole. Anakuja kwetu, anakula nyama yenye mawese mpaka anafuta sahani, kisha anasema, "Dada, mama wa kwangu akiuliza, nimekunywa uji." Na mama anamfichia. Sote tulimfichia. Lilikuwa jambo la kuchekesha. Tulizoea kumfichia Afande.

Kisha akauawa yule mfanyabiashara wa maharage.

Mlimsikia redioni, sina haja ya kumwelezea sana. Maghala Kasulu, maghala Kibondo, magari, msikiti amejenga, shule amechangia. Aliuawa kwenye ghala lake la Heru Juu, kapigwa kichwani na kitu kizito, usiku wa mvua. Mlinzi alimkuta alfajiri, akaja mbio kumgongea Afande kwa sababu ndiye askari wa karibu. Mimi nilikuwa kwa mama, nimeamka kuwasha moto. Nilimwona Afande akipita, koti la polisi juu, suruali ya kulalia chini, na miguuni katambuga. Nikamwuliza kuna nini. Akasema bila kusimama, "Mabaya, mwanangu. Na leo mguu haukubali buti hata kidogo." Nyayo zake zilibaki njiani kwetu, mishale inakwenda ghalani.

Baadaye alirudi nyumbani kwake, akavaa buti, akaenda tena. Kufika saa za chai wakubwa wake walikuwa wameshafika kutoka mkoani, na waandishi, na watu wenye simu juu. Mlangoni pa ghala, kwenye tope, pakakutwa unyayo: nusu ya mbele, mguu wa kushoto, meno ya mishale. Wakamwaga plasta. Aliyeimwaga ni Afande, kwa mkono wake, mbele ya watu wote.

Elia alikuwa amegombana na marehemu hadharani juu ya mizani. Alimwambia mbele ya wakulima kwamba mizani yake inaiba, na wakulima wakapiga makofi. Basi watu walitaka mtu, na mtu akapatikana. Walimchukua kwake, kitandani na mke wake, na kando ya kitanda zipo katambuga za meno ya mishale. Mtaalamu akaitwa kutoka mjini.

Wiki hiyohiyo Afande alikuja kwa mama. Alikaa kwenye kigoda chake kilekile. Mama alikuwa analia, mimi nikamwambia palepale, "Afande, si na wewe unazo? Na asubuhi ile ulizivaa. Waambie." Akainua mkono taratibu, kama anavyowanyamazisha watoto.

"Nisikilizeni. Mkizitaja katambuga zangu, nitatolewa kwenye kesi leo hii. Ataletwa mtu asiyewajua, asiyemjua Elia, anayetaka cheo tu. Niacheni humo ndani. Mimi nitalinyoosha."

"Utalinyoosha vipi?" nikauliza.

"Mwanangu, kazi hii nimeifanya tangu hujaolewa. Niamini."

Akala. Naapa, alikula, na akaomba aongezwe mchuzi. Elia akapelekewa ujumbe mahabusu, akajibu kwamba Afande akisema hivyo basi iwe hivyo, jina lake lisitajwe na mtu yeyote, hata kwa wakili. Tukanyamaza. Tulimfichia, kama tulivyomfichia nyama.

Mahakamani nilikaa benchi la mbele. Mtaalamu alibandika picha, akaeleza kwamba meno yale ni nadra, hayapo madukani, na kwamba unyayo wa ghalani na katambuga ya mshtakiwa vinalingana bila shaka. Nadra ni kweli! Tairi lilikuwa moja. Lakini kwenye tairi moja Mrundi alikata jozi ngapi, mtaalamu hakuulizwa, na Mrundi mwenyewe alikuwa amesharudi kwao Burundi na hajulikani aliko. Kisha akapanda Afande kizimbani. Kajipiga pasi, buti zinang'aa. Wakili wa Elia akamwuliza kama kuna mtu mwingine aliyekanyaga pale mlangoni kabla ya plasta.

"Hakuna, mheshimiwa."

"Ninyi askari mlivaa nini miguuni?"

"Buti. Sote tulikuwa na buti."

Nilisimama. Sikukusudia, nilijikuta nimesimama. Karani akaniambia, "Mama, kaa au utoke." Afande hakunitazama. Alikuwa anatazama ukutani, palepale penye picha za unyayo. Nikakaa.

Elia alipohukumiwa, nilidhani sasa atatuachia tuseme. Wapi! Nilipokwenda kumwona alinishangaza. "Afande ana sababu zake," akasema. "Labda anasubiri rufaa. Wewe unamjua, hawezi kunitupa. Msimtaje." Nikamwambia, Elia, yule mtu alikula kiapo akadanganya, nimemsikia kwa masikio yangu. Akasema, "Ulisikia alichosema. Hujui alichofikiria." Kwa maneno ya Afande mwenyewe akanifunga mdomo! Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, sijui nimchukie nani.

Wakili wa rufaa ni kijana, ana haraka lakini ana akili. Aliniambia wazi. "Hoja yangu ni kwamba meno ya tairi yanajirudia, unyayo wa nusu hautoshi kumtambua mtu. Ni hoja nzuri. Lakini majaji watauliza, nani mwingine alikuwa na viatu hivyo? Nikiwajibu 'hatujui', nimekwisha. Nikiwajibu kwa mdomo wako, watasema dada wa mfungwa ameyatunga leo, mbona hakusema wakati wa kesi." Alijua kuna mtu tunamficha. Akasema mtu huyo mwenyewe akiapa, ataomba ruhusa ya kuleta ushahidi mpya. Bila hivyo, tuombe Mungu. Hapo ndipo nilipopanda basi la Kibondo bila kumwambia Elia.

Afande alistaafu akahamia Kibondo, kwa upande wa mkewe. Nyumba nzuri, bati jekundu, mihogo imeanikwa uani. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya kigoda. Amezeeka. Shingo imekuwa nyembamba, kola inamzunguka. Nilitaka nimkute mnene, anacheka, ili nimchukie vizuri.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba, mwanangu. Mwakeye!" akaongeza salamu ya Kiha. "Karibu, karibu sana." Akamwita mkewe, "Mama, mgeni! Binti yetu wa Heru Juu!"

Mkewe akanikumbatia kwa nguvu, akaniuliza habari za mama, za Neema, za mahindi. Habari za Elia hakuuliza. Akaenda jikoni, na huko hakurudi upesi.

Sikuzunguka. Nilimweleza hoja ya wakili, nikamwambia, "Baba, sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuomba. Sema tu kwamba asubuhi ile ulikuwa na katambuga za tairi lilelile. Husemi kwamba uliua mtu. Unasema ulichoona."

Kuku mmoja akawa anadonoa mihogo, akamfukuza kwa fimbo.

"Niliporudi na buti," akasema, "wakubwa walikuwa wameshauona ule unyayo. Wamesimama wameuzunguka, wamefurahi. Mkubwa mmoja akaniambia, hongera, kijiji chako kimetupa kitu. Mimi nikatazama. Nikajua lile tairi. Mimi, niliyemsimamisha padri kwa mguu mmoja! Niwaambie nini? Kwamba nimeingia na katambuga, na suruali ya kulalia, nimekanyaga mlangoni?"

"Kwa hiyo ulikuwa wako."

"Sijasema ulikuwa wangu."

"Afande!"

"Sijasema. Nilidhani utaishia hapo. Nyayo ngapi zinamwagiwa plasta zinaishia kabatini? Halafu wakaenda kwa Elia."

Nikamwambia basi, hata hilo linatosha. Njoo na katambuga zako kwa wakili, zipimwe, mtaalamu aone mishale ni ileile. Wewe hata usiseme neno.

"Hazipo. Nilizichoma."

"Baada ya kesi?"

Akatikisa kichwa. "Jioni ileile ya plasta. Mke wangu alikuwa anachemsha maharage, nikazitia motoni. Zilitoa moshi mweusi, akanigombeza."

Nilihesabu kichwani. Jioni ileile. Kwa hiyo siku alipokuja kwetu, alipokaa kwenye kigoda cha mama na kutuambia tumwache humo ndani atalinyoosha, zilikuwa zimeshakuwa majivu. Si kwamba alikuja kutusaidia akashindwa njiani. Miaka yote hiyo, nikikosa usingizi, nilikuwa namtetea kwa njia hiyo: labda alijaribu, labda wakubwa walimbana. Hakujaribu hata siku moja. Alikuja kuhakikisha kwamba tutanyamaza, akaomba aongezwe mchuzi.

"Tulikupa sisi zile katambuga," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo, nikaichukia. "Elia alikununulia kwa sababu ya mguu wako."

"Najua."

"Njoo uape, Afande."

"Nikiapa leo, nimekiri kwamba niliapa uongo siku ile. Nitafungwa mimi. Na uzee huu, na mguu huu." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, hoja ya wakili ni nzuri. Itatosha. Niamini."

Mkewe alileta chakula. Sijawahi kukataa chakula cha mtu mzima maishani mwangu. Siku hiyo nilisimama, nikanawa mikono kwa heshima yake yeye mama, nikasema nimeshiba. Alielewa. Alishika sufuria kwa kanga, machozi yanamlenga, akasema taratibu, "Nilimwambia. Tangu moshi ule nilimwambia." Afande akamwambia anyamaze, naye akanyamaza.

Alinisindikiza mpaka barabarani kama alivyozoea, akichechemea. Bodaboda alipofika akasema, "Msalimie sana Elia." Na mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, mdomo ukajibu wenyewe, "Zimefika." Nililia njia nzima, dereva akidhani nimefiwa.

Nilipokwenda gerezani tulikaa wavu katikati yetu, askari jela pembeni anachezea simu. Sikujua nitaanzia wapi, nikaanza na salamu.

"Afande anakusalimu."

Uso wa Elia uling'aa. Niliona meno ya kaka yangu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Umemwona? Hajambo? Na mguu wake? Bado anazivaa zile katambuga nilizompa?"

Nikamtazama. Miguuni alikuwa na kandambili za gereza, moja imeshonwa kwa kamba.

"Alizichoma, Elia."

"Lini?"

"Siku ileile. Jioni. Kabla hajaja kwa mama."

Alikuwa anayarudia kichwani kama nilivyoyarudia mimi, niliona kabisa yanavyopita usoni mwake moja moja: kigoda, mchuzi, ujumbe tuliompelekea mahabusu, majibu aliyotupa. Askari akasema muda umekwisha. Elia akasimama, akaweka vidole kwenye wavu.

"Mwambie wakili aliandike jina lake."

"Lote?"

"Lote. Na la mkewe, aitwe aseme moshi ule ulikuwa wa nini."

Wakili ameyaandika yote mawili. Rufaa itasikilizwa kikao kijacho. Mama hajaambiwa habari ya moto. Kila jioni bado anakitoa kigoda cha Afande barazani, na mimi kila jioni nakirudisha ndani.